Kunguni ndani ya kabini ya kamio



Mwezi huu ukurasa wetu ni wa mashofere wa barabara kubwa, na wa wake zao wanaobaki nyumbani Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kipushi. Watu wengi wanafikiri kabini ya kamio ni kiti na volani tu. Hapana. Ni nyumba. Shofere analala mule, anakula mule, anapanga nguo zake mule, na anangojea mule siku nyingi ku Kasumbalesa wakati makaratasi ya mupaka hayajatoka. Toka pale kufika Dar es Salaam ni karibu kilomita 2 000, na Durban ni mbali zaidi. Nyumba yenye watu inapata wadudu. Nyumba yenye magurudumu inawapata upesi, kiisha inawapeleka mbali.

Tutasema kwanza juu ya kunguni, sababu ndiye anayesumbua zaidi. Mende na mbu tutawagusa kwa mwisho.

UGOMVI JUU YA MADOA

Tuanze na jambo linaloharibu amani ya nyumba. Baba anarudi toka safari ya majuma matatu. Anavua shemizi. Mama anaona madoa mekundu ku shingo na ku mikono, mengine yamejipanga kama mustari. Anauliza: «Haya madoa ulitosha wapi?» Baba anajibu: «Mu kabini.» Mama hasadiki. Amesikia kwamba kunguni ni wa nyumba za kulala wageni, na anajua mambo gani yanafanyika mule. Kiisha siku kumi watoto nao wanaanza kujikuna usiku. Sasa haiko tena habari ya madoa. Ni kesi, na wakubwa wa jamaa wanaitwa.

Mama, sikia: kunguni si ushahidi. Anaingia kabini kwa milango mingi. Anaingia ndani ya mufuko wa mutu aliyeomba kusaidiwa njiani. Anabaki ndani ya matela ya shofere aliyeendesha kamio ile mbele ya mume wako. Anakuja na bulangeti ya kuazima, ao na nguo zilizolazwa karibu na za mwenzake. Mutu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na akaleta kunguni nyumbani.

Na wewe baba, sikia vilevile: kuficha ndiko kunazaa mashaka. Mbele mufuko wako haujaingia nyumbani, sema: «Kabini iko na kunguni. Tuanze kufua.» Maneno hayo machache ya leo yanafaa kuliko maelezo marefu ya kesho.

Tena kunguni si alama ya uchafu. Hatafuti uchafu. Anatafuta damu, na anafuata joto la mwili na pumzi ya mutu aliyelala. Anakaa katika hoteli za matajiri za Ulaya na Marekani kama vile anavyokaa kwetu. Ila pahali penye vitu vingi vilivyorundikana, anapata pa kujificha kwa urahisi.

UMUJUE ADUI YAKO

Kunguni mukubwa ana urefu wa milimita 5 hivi, karibu na punje ndogo ya muchele, lakini ni mupana na bapa. Rangi yake ni kahawia. Akishiba damu anavimba na kuwa mwekundu. Hana mabawa ya kuruka, wala haruki kama kiroboto. Anatembea tu. Kwa hiyo hatoki kamio hii kuingia ile kwa nguvu yake mwenyewe mara nyingi. Sisi ndio tunaomubeba.

Mayai yake ni meupe, madogo ya milimita 1, na yanashikamana na kitambaa ao mbao. Kwa joto la kwetu yanapasuka kiisha siku 6 mpaka 10. Mutoto wa kunguni anabadili ngozi mara tano, na kila mara inaomba anywe damu. Mukubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Kwa hiyo shofere anayesema: «Nitaacha kamio parke majuma mawili, watakufa njaa», anajidanganya. Atawakuta wanamungojea.

Mchana utafute namna hii. Chukua tochi. Nyanyua matela ya kabini, angalia mishono yake na pembe zake. Angalia nyuma ya rido, katika matundu ya visi, chini ya viti, katika kitambaa cha juu penye kichwa, na pale plastiki inapokutana na chuma. Ukiona vidoa vyeusi kama alama za kalamu, ni mavi yake. Ukiona magamba membamba, ni ngozi alizoacha. Damu ndogo ku shuka nayo ni alama. Usingojee kuhesabu madoa ya mwili, sababu watu wengine wanaumwa na kunguni na ngozi yao haionyeshe kitu.

Habari njema ni hii: mpaka leo haijaonekana kwamba kunguni anapitisha magonjwa kwa watu kwa kuwauma. Anakula usingizi, na hilo si jambo dogo. Shofere mwenye tani 30 nyuma yake, aliyejikuna usiku kucha, ni hatari barabarani. Ukijikuna kwa makucha machafu, vidonda vinaweza kuingia usaha.

Lakini usimuchanganye kunguni na kimputu. Kimputu ni kupe. Anakaa katika nyufa za nyumba za udongo, na anauma usiku kama kunguni. Yeye analeta homa inayokwenda na kurudi. Munganga Mwingereza Joseph Dutton alikufa kwa homa hiyo kule Kasongo, katika inchi yetu, mwaka wa 1905, wakati alipokuwa akiichunguza. Ukilala katika nyumba ya udongo njiani, kiisha ukapata homa kali inayopoa na kurudi, usiseme «ni kunguni tu». Enda hospitali, eleza ulilala wapi.

KINACHOUA SI KUNGUNI

Hapa ndipo tunaomba musome polepole. Kunguni hajaua mutu ndani ya kabini. Sumu inayotafutwa kwa kumuua, hiyo inaua.

Chumba cha nyumba cha meta 3 kwa 3 kina zaidi ya meta kibe 20 za hewa. Kabini nyingi hazifike nusu ya ile. Dawa inayofaa shamba ao depo, ukiimwaga mule na kufunga vioo, unaweka sumu ndani ya chupa, kiisha unaingia mwenyewe na kulala.

Kwanza, dawa za maji zinazouzwa ku soko ndani ya chupa zisizo na karatasi. Moja yao inaitwa dichlorvos, wengine wanasema DDVP. Ni dawa inayogeuka hewa upesi, na inagusa mishipa ya fahamu ya mutu kama ya mududu. Alama zake ni mate mengi, jasho, machozi, mboni za macho kuwa ndogo sana, kutapika, kuhara, kifua kubana, kiisha kutetemeka na kuzimia. Usiimwage ku matela, usiipake ku shuka, usiipake ku nywele ao ngozi ya mutoto.

Pili, vidonge vya mahindi. Mashofere wanaoleta mahindi na bunga toka Zambia wanavijua. Vinawekwa katika magunia ya depo kwa kuua wadudu. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gazi ya fosfini. Hakuna dawa ya kuvunja sumu hiyo. Inapita katika nyufa za ukuta na kufikia chumba cha jirani. Katika inchi nyingi watoto wamekufa wamelala, sababu mutu wa nyumba ya pili aliweka vidonge kwa kuua kunguni. Kidonge kimoja kisiingie kabini. Kisiingie nyumbani.

Tatu, sufre. Kwetu inapita barabarani kila siku kwa kazi za viwanda vya madini, na iliyomwagika inapatikana bure. Ni kweli watu wa zamani walichoma sufre katika meli na nyumba kwa kuua kunguni. Lakini moshi wake unachoma mapafu, na ukikutana na unyevu unakuwa asidi inayokula chuma na nyaya za umeme za kamio. Utapona kunguni, utapata kamio isiyowaka.

Nne, esanse na petroli. Kupaka esanse ku mishono ya matela, kiisha kuwasha sigara ao jiko la kahawa karibu, ni kujichoma.

Tano, mbabula. Wengine wanaingiza mbabula ya makala ndani ya kabini, kwa moshi ao kwa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Makala yanatoa hewa isiyo na harufu, na mutu analala bila kuamka. Usiingize mbabula kabisa, hata kama umeacha kioo wazi kidogo.

Mutu akipatwa na sumu: mumutoe inje penye hewa. Muvue nguo zake. Muoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, na ninyi wenyewe muchunge mikono yenu. Musimutapishe, musimupe maziwa. Mumupeleke hospitali mbiombio, na mubebe chupa ao pakiti ya dawa ile. Kwa sumu kama dichlorvos waganga wako na atropini, lakini inaomba wajue ni sumu gani.

Tena hata dawa za kupuliza za butiki, zenye karatasi nzuri, mara nyingi hazimalizi. Kunguni amezoea sumu nyingi. Tayari mwaka wa 1947, katika visiwa vya Hawaii, kunguni walionekana hawafi tena kwa DDT, dawa iliyosifiwa dunia yote. Leo wengi hawafi kwa dawa za siku hizi. Ukipuliza hewani tu, wanakimbia ndani zaidi ya nyufa.

KAZI YA SIKU YA KWANZA

Kinachomaliza kunguni ni joto, mikono na uvumilivu. Inaomba siku nzima. Uchague siku ya jua, kamio ikiwa parke, si siku ya kuondoka.

1. Toa kila kitu ndani ya kabini: matela, shuka, bulangeti, nguo, rido, mazulia, makaratasi, sanduku la vyombo. Weka mbali na nyumba, juu ya plastiki ao ku simenti, si ku majani.

2. Nguo na shuka: fua kwa maji ya moto sana. Joto la digrii 60 linaua kunguni na mayai. Nyumbani bila mashini, chemsha ndani ya sufuria kubwa zile zinazovumilia kuchemka. Kiisha anika ku jua, na piga pasi ya moto ku mishono.

3. Visivyofuliwa: viatu, mufuko, koti zito. Weka ndani ya sashe nyeusi ya plastiki, usijaze sana, funga vizuri, weka ku jua kali juu ya simenti ao bati tangu asubuhi mpaka jioni. Geuza mara nyingi. Joto likipita digrii 50 na kufika mpaka ndani, hawaponi. Katika mawingu ao mwezi wa baridi njia hii haitoshi.

4. Matela: piga buroshi ngumu ku mishono yote juu ya beseni la maji ya sabuni. Matela iliyopasuka na kujaa kunguni, usiiuze wala kuigawa. Ichane, uichome mbali na watu. Kisha matela ya mupya ivalishe mufuko wa kitambaa kizito wenye fungo, usio na tundu.

5. Kabini: fagia, ao vuta vumbi kwa mashini kama ku garaji iko. Uchafu wote uufunge ndani ya sashe na kuuchoma. Fungua visi vya plastiki unavyoweza. Maji ya moto sana na sabuni, kwa kitambaa na buroshi, pitisha katika kila pembe ya chuma na plastiki. Usimwage maji karibu na nyaya, fyuzi na dashibodi.

6. Kabini ikiisha kukauka, funga vioo na uiache ku jua kali saa za mchana, bila mutu ndani na bila chupa za gazi ao briketi. Mwezi wa 10, mbele mvua haijashika, kabini inakuwa tanuru. Lakini usitegemee jua peke yake, sababu kunguni anakimbilia nyufa ambako joto halifike.

7. Ziba nyufa. Silikoni ya garaji, skoch nzito, hata sabuni ya kipande iliyopondwa katika matundu ya visi. Wakubwa wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kunguni neno hilo ni kweli kabisa, maana ufa ndio nyumba yake.

Kuna pia mutego wa wazee wa Ulaya ya mashariki ambao sisi tunaweza kuufanya bila feza: majani ya maharagi. Walikuwa wanayatandika chini usiku karibu na kitanda. Jani la maharagi lina vinywele vidogo kama ndoana, vinavyotoboa miguu ya kunguni na kumushika. Asubuhi waliyakusanya na kuyachoma. Mwaka wa 2013 wachunguzi wa Marekani walitazama jambo hilo kwa mikroskopi na kuona ni kweli. Yakikauka hayashiki tena, na hayagusi mayai. Basi ni musaada tu, si dawa yote.

SIKU YA KUMI

Wengi wanashindwa hapa. Wamefanya kazi siku moja, wamelala vizuri juma moja, wanasema imekwisha. Mayai yaliyobaki katika ufa yanapasuka kati ya siku ya 6 na ya 10. Kwa hiyo kiisha siku kumi rudia kazi: toa, angalia na tochi, fua, piga buroshi. Rudia tena kiisha siku kumi zingine. Kama uko njiani, fanya unavyoweza ku parkingi ya Kapiri Mposhi ao Tunduma, hata kama ni matela na shuka tu. Ukimaliza mwezi mzima na nusu bila doa jeusi mupya, unaweza kusema umeshinda.

MENDE NA MBU

Mende mudogo wa kahawia, mwenye mistari miwili nyuma ya kichwa, ndiye anayependa kabini. Jike anabeba kifuko cha mayai 30 mpaka 40. Anakaa penye joto la dashibodi na frigo. Anatembea katika uchafu, kiisha juu ya bukari yako, na mavumbi yake yanaongeza pumu ya watoto. Dawa ya kwanza ni hii: chakula chote ndani ya kopo lenye kifuniko, vyombo vioshwe mbele ya kulala, chupa ya maji isivuje. Asidi boriki ya farmasi, ikichanganywa na sukari na bunga kidogo, inawaua polepole. Iweke nyuma kabisa, mbali na chakula na mikono ya watoto, sababu ni sumu kwa mutu vilevile.

Mbu ndiye anayeleta maleria, na maleria inaua kweli. Katika foleni ya mupaka, penye madimbwi, usilale na vioo wazi bila kizuizi. Shona wavu wa mustikere kwa kila kioo, na uubandike kwa sumaku ndogo ao skoch. Usiwashe spirale ya moshi ndani ya kabini iliyofungwa.

MBELE YA KUINGIA NYUMBANI

Tuweke sheria moja kwa kila nyumba ya shofere. Mufuko wa safari hauingii chumba cha kulala. Unabaki inje ya mulango, ku simenti. Nguo zinatoka mufukoni na kuingia moja kwa moja katika maji ya moto. Shofere anaoga, anavaa nguo zilizomungojea nyumbani, ndipo anabeba watoto. Haiko aibu. Wafanyakazi wa mine nao wanaacha manguo ya kazi inje sababu ya vumbi, na hakuna anayewacheka.

Mama, usimupokee kwa maswali. Mupokee kwa maji ya kuoga na beseni ya kufulia, na mufanye kazi pamoja. Baba, usimwachie bibi yako kazi yote eti wewe umechoka. Wewe ndiye unayejua kila ufa wa kabini.

Na ninyi wakubwa wa makampuni ya usafirishaji: shofere anayesema «kamio iko na kunguni» musimukate feza wala kumufanya kichekesho. Mukimwazibu, wengine watanyamaza na kununua chupa ya sumu ku soko. Mupe kila mutu matela yake na mufuko wake wa kuivalisha, na siku moja ya jua kwa kusafisha. Feza ya siku ile ni ndogo kuliko kamio iliyoanguka njiani sababu shofere hakulala.

Leo jioni, nyumba iliyo na chupa isiyo na karatasi juu ya dirisha, ao vidonge vya mahindi ndani ya kabati, iitoe mbele ya watoto hawajalala. Usiimwage katika kisima ao mutoni, wala usiichome. Ifunge vizuri, iweke inje pahali pakavu chini ya ufunguo, kesho uliza watu wa huduma ya afya namna ya kuitoa. Kunguni atangojea mpaka siku ya jua.